Shangazi, nibaki na Dallas au nimfuate Luka?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa Ngamiani, hapa hapa Tanga. Nina mke na mtoto mmoja. Kazi yangu ni kuoka mikate ya ajemi pamoja na baba yangu mdogo, kwa hiyo saa ambazo wenzangu wamelala mimi niko macho mbele ya tanuri. Ndivyo nilivyoingia kwenye mpira wa kikapu wa Marekani. Mechi zao za usiku kwetu zinaangukia kati ya saa nane na alfajiri. Simu naiegemeza kwenye gunia la unga, mikono inakanda, macho yako Dallas.

Timu yangu ni Dallas Mavericks, na sababu ilikuwa Luka Dončić, sitaki kusema uongo. Nina jezi yake ya mtumba, namba 77, jina la mgongoni limeanza kubanduka. Mwaka 2024 tulifika fainali, Boston wakatufunga mechi nne kwa moja, nikajipa moyo kwamba mwakani ni zamu yetu. Mwakani kwenyewe ndiyo Februari 2025: usiku mmoja tu Luka kapelekwa Lakers, timu ya Los Angeles, tukapewa Anthony Davis. Nilidhani ni uzushi wa mitandaoni mpaka nikaona anapigwa picha na jezi ya njano.

Davis akacheza mechi yake ya kwanza vizuri ajabu, akaumia kabla haijaisha. Machi, mwezi wa Ramadhani, nipo kwenye daku, Kyrie Irving akaanguka na goti. Walimsimamisha, akapiga mitupo yake miwili ya adhabu huku machozi yanamtoka, yote ikaingia, kisha akatolewa. Hakuonekana tena msimu ule. Daku yangu ilipoa palepale, sikuimaliza. Tulishinda mechi 39, tukafungwa 43, na Memphis wakatutoa kwenye mchujo kabla mtoano wenyewe haujaanza. Halafu Mei, maajabu: bahati nasibu ya kuchagua wachezaji wapya ikatuangukia sisi, tukamchukua Cooper Flagg, wa kwanza kuliko wote.

Sasa ni Oktoba 2025, msimu mpya unaanza. Kwa saa zetu tunafungua na San Antonio alfajiri ya Oktoba 23. Siku nyingine nikiamka naona ubingwa huu hapa. Siku nyingine naona hata nane bora ya Magharibi, ile nusu ya ligi tuliyomo, hatuingii. Sijitambui.

Mdogo wangu tulikuwa naye Dallas, akahamia Lakers siku ile ile. Kila jioni barazani kwenye kahawa ananichamba mbele ya watu: "Kaka kabaki na nyumba, mwenye nyumba kahama." Wazee pale kikapu hawakijui, lakini kwa kucheka wamo.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Zamu yangu ya upatu inaangukia mwezi huu, laki nne. Mke wangu anajua ni za kubadilisha bati la jikoni, linavuja. Mimi nimepanga kuziweka zote kwenye mkeka wa kubeti kwamba Dallas atakuwa bingwa. Odi ni kubwa mno, ikitiki nafungua tanuri langu mwenyewe na mdogo wangu ananyamaza.

Nishauri Shangazi. Nibaki na Dallas? Nitumaini kwa kiasi gani? Na hizo hela nifanyeje?

Mwoka mikate, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu. Pole na daku.

Umeuliza maswali matatu, la maana ukaliweka mkiani. Mimi naanza na hilo la mkiani. Hela ya upatu usiiweke kwenye mkeka. Hata elfu kumi yake usiiweke.

Hebu angalia hela ile ni ya nani. Kama zamu yako imefika na mzunguko haujaisha, ina maana umeshika hela za watu ambao bado wanasubiri. Mwezi ujao utatakiwa kutoa, na unaofuata, na unaofuata. Mkeka wa ubingwa wa NBA, hiyo ligi yenu ya Marekani, hautoi jibu mpaka Juni. Timu inacheza mechi 82 kabla hata ya mtoano. Kwa hiyo laki nne zako zitakaa kwa mwenye kubetisha miezi minane, wewe huku unachangia upatu kwa hela ya mikate, na mvua za vuli zinaingia kwa mkeo jikoni. La dini sitakufundisha, mtu aliyenisimulia habari za daku anajua kamari imewekwa fungu gani.

Na odi kubwa unayoifurahia, nani kakwambia ni zawadi? Imekuwa kubwa kwa sababu wanaoipanga wameangalia goti la Kyrie, wakaangalia na Magharibi ilivyo, wakaona tukio lenyewe ni la mbali.

Ila nimesoma barua yako mara mbili nikaona kitu. Umeandika "nafungua tanuri langu mwenyewe na mdogo wangu ananyamaza." Tanuri lako mwenyewe umelitaja mara moja. Mdogo wako umempa aya nzima, na maneno yake umeyanukuu kama yalivyo. Mwanangu, wewe ubingwa unautafuta ili uthibitishe kwamba Februari ulichagua sawa. Timu imekuwa shahidi wako kwenye kesi ya barazani. Ndiyo maana siku moja unaiona bingwa na siku ya pili unaiona takataka: inategemea jioni yake umechambwa kiasi gani. Timu yenyewe haijabadilika tangu juzi.

Basi tuiangalie yenyewe, tumtoe mdogo wako kwenye hesabu.

Mimi shuleni nilicheza netiboli. Kikapu nilikijia ukubwani, na aliyeniingiza ni Hasheem Thabeet, kama alivyowaingiza Watanzania wengi wa rika langu. Juni 2009 mtoto wa Dar es Salaam kachaguliwa wa pili katika wachezaji wapya wote wa NBA, na Memphis, hao hao waliokutoa wewe mwaka huu. Wa pili! Mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu. Mbele ya Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Mitaani tulikuwa tunajigamba kana kwamba tumechaguliwa sisi. Thabeet alipita timu nne, na kufikia 2014 alikuwa nje ya ligi. Simsemi vibaya, kufika pale ni jambo ambalo Mtanzania mwingine hajalifanya. Nakwambia ujue kwamba namba ya kuchaguliwa ni makisio ya watu wazima waliovaa suti, basi.

Kwa hiyo Flagg. Dallas ilikuwa na nafasi 18 katika 1,000 ya kupata chaguo la kwanza, ikalipata. Hiyo ni bahati, wala hakuna aliyeifanyia kazi. Kijana mwenyewe ana miaka 18, anatimiza 19 Desemba, katoka Chuo Kikuu cha Duke, mrefu wa mita mbili na zaidi, anakaba, anapasi, anakimbia. Julai kule Las Vegas kwenye ligi ya majira ya joto, mechi yake ya kwanza alitupa mara 21 akaingiza 5 tu. Na ilikuwa dhidi ya Lakers, mdogo wako lazima alikukumbusha. Mechi iliyofuata akafunga pointi 31. Ukitaka kujua msimu wako utakavyokuwa, ni huo: 5 kati ya 21 leo, 31 keshokutwa. Mtoto wa umri ule hakui kwa mstari ulionyooka. Ukimtaka akulipe deni la Luka mwaka huu huu utakuwa unamwonea.

Davis ni habari nyingine. Ana miaka 32, ubingwa anao tayari, aliuchukua na Lakers 2020. Mechi ile uliyoitaja, dhidi ya Houston, alipata pointi 26 na ribaundi 16, yaani mipira iliyokosa pete akaidaka yeye, kabla ya kuumia, na hakuimaliza robo ya tatu. Hapo ndipo mimi ninapoanza kuwa na wasiwasi, kuliko kwa Flagg. Swali la Davis halijawahi kuwa anajua au hajui. Ni atacheza mechi ngapi. Akicheza nyingi, akiwa na wale warefu Dereck Lively na Daniel Gafford nyuma yake na Flagg pembeni, hakuna timu itakayofurahi kwenda kwenye pete ya Dallas. Urefu upo na mikono mirefu ipo.

Kinachokosekana ni mtu wa kuushika mpira na kuupeleka mahali. Kyrie alichanika kano ya goti Machi 3, kwa saa zao. Jeraha lile kwa kawaida linakula miezi tisa hadi mwaka, kwa hiyo usimhesabu kabla ya mwaka mpya, na hata akirudi mpe muda wa kuliamini goti lake. Wamemleta D'Angelo Russell azibe pengo. Anajua kufunga, lakini kukaba si kazi aliyosifiwa nayo, na ukabaji ndio aliousema Nico Harrison, meneja mkuu wa wakati ule, alipokuwa anaeleza kwa nini Luka aondoke. Kuna jambo pale halijakaa sawa, na huhitaji kuwa kocha kuliona. Timu imejengwa kwa mabeki wa nyumba halafu ikakosa mtu wa kufungua mlango.

Nawe uko Magharibi, siyo Mashariki. Oklahoma City ndio mabingwa wa 2025, walishinda mechi 68 msimu uliopita, na bado vijana. Houston wamemchukua Kevin Durant. Denver wana Jokić. San Antonio wana Wembanyama, ndiye utakayefungua naye pazia. Lakers wana LeBron na huyo Luka wako. Sita za juu zinaingia mtoano moja kwa moja, wa saba hadi wa kumi wanachujana. Ukiniuliza mimi, Dallas ikifika sita bora bila Kyrie hadi mwaka mpya, kocha Kidd kafanya kazi kubwa. Saba hadi kumi ndiyo ninayoiona. Ubingwa mwaka huu siuoni. Ningeuona ningekwambia.

Usikasirike. Umeniuliza utumaini kiasi gani, na mtu akiuliza hivyo anataka kipimo. Kipimo changu ndicho hicho: Davis acheze, Flagg wa Machi awe amemzidi Flagg wa Oktoba, Kyrie arudi mzima. Hayo matatu yakitokea, msimu umekulipa hata mkitolewa raundi ya kwanza. Yasipotokea, umeshajua mapema, hutazimia.

Na historia ya timu yako mwenyewe unaijua? Dirk Nowitzki alipoingia 1998 alikuwa kijana mwembamba kutoka Ujerumani, msimu wa kwanza pointi nane tu kwa mechi. 2006 akafika fainali, Dallas ikashinda mbili za kwanza dhidi ya Miami, kisha ikafungwa nne mfululizo. 2007 wakashinda mechi 67, wakatolewa raundi ya kwanza na Golden State waliokuwa wa nane. Wa nane! Ubingwa ukaja 2011, tena mbele ya Miami hao hao. Kocha wako wa msimu huu, Jason Kidd, alikuwa mchezaji katika timu ile. Waliokuwa mashabiki tangu 1998 walisubiri miaka kumi na mitatu, na katikati hapo walidhalilishwa mara mbili mbele ya dunia.

Halafu wewe ni mtu wa Tanga. Muulize baba yako mdogo ubingwa wa ligi ya soka wa Coastal Union ulikuwa mwaka gani. Ni 1988. Na uwanjani Mkwakwani watu bado wanakwenda, wanakaa juani, wanatukana, wanarudi wiki ijayo. Kusubiri timu hapa kwetu ni urithi wa mtu kutoka kwa babake.

Sasa la Luka. Unaniuliza ubaki au umfuate, kana kwamba ni talaka na lazima mtu agawe vyombo. Mdogo wako anampenda mchezaji, kaenda alikokwenda mchezaji. Hana kosa. Wewe uliingia Dallas kwa ajili ya mchezaji, ukajikuta umeipenda timu, ndiyo maana mwenzio alihama siku moja na wewe miguu ikagoma. Ukihama leo utakuwa Lakers wa kulazimishwa, na hakuna shabiki mnyonge kama huyo: akishinda hafurahi sana, akifungwa hawezi kulia mbele ya watu.

Lakini kununa na Luka pia hakuna maana. Hakuomba kuondoka. Kule mchezaji anaweza kubadilishwa na timu bila kuulizwa, anapigiwa simu usiku kwamba kesho uko mji mwingine. Aprili aliporudi Dallas na Lakers walimwekea video ya kumbukumbu kabla ya mechi, akalia hadharani, kisha akawafunga pointi 45, na watu wa Dallas wenyewe wakamshangilia. Wenye timu wamefanya hivyo, wewe wa Barabara za Ngamiani unazidisha uchungu wa nini? Jezi ya 77 ivae. Ila lile jina linalobanduka lipigie pasi juu ya kitambaa, litashika kidogo.

Kuhusu barazani: dawa ya mtu anayekuchamba kwa kikapu mbele ya wazee wasiojua kikapu ni kukaa naye mahali ambapo hakuna wazee. Mechi ya Dallas na Lakers mwite tanurini muangalie pamoja kwenye simu hiyo moja. Atakuchamba, sawa, lakini akiwa na unga mikononi. Mtu anayechambua mchezo kwa robo nne nzima huishiwa na mafumbo ya nyumba na mwenye nyumba, anaanza kuzungumza habari za nani kamkaba nani. Na huenda ukagundua naye Dallas haijamtoka. Aliyehama kwa raha hapigi kelele kila jioni.

Sijasema uache kuangalia. Kazi yako imekuamsha saa hizo, Mungu kakupa mechi bure, angalia. Chunga bando tu, maana mechi moja ni zaidi ya saa mbili za video, na ukizidisha mara 82 utakuwa umekula jiko lote na bati lake. Chagua: ya kwanza na San Antonio, za Lakers, za Oklahoma City, na atakaporudi Kyrie. Nyingine soma matokeo asubuhi kama watu wengine.

Mkeo mwambie leo. Usimwambie habari ya mkeka, hujaufanya, usimtie presha bure. Mwambie hela inaingia na mnakwenda pamoja dukani kuchagua bati, ili ikishafika mkononi iwe na watu wawili wanaoijua njia yake. Nunua na misumari yake kabisa, mvua za vuli hazingoji mtu. Na siku ya kupandisha mwite mdogo wako aje kushika ngazi, na yeye akija na jezi ya njano mwache nayo.

Shangazi